Alhamisi Niliyoikana

Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha Dini na Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya bweni hapa Isiolo, na katika mitatu kati ya hiyo nilikuwa pia msimamizi wa gazeti la shule. Wanafunzi wa zamani wananikumbuka kwa gazeti lile kuliko kwa vipindi vya Dini. Hunisimamisha karibu na msikiti, wengine wao sasa wana mvi, huniambia, "Maalim, wewe ndiye ulitufundisha kuuliza." Mimi huitikia salamu zao, huwauliza hali za watoto wao, kisha hutafuta sababu ya kwenda zangu. Naogopa mmoja wao asije akamtaja msichana niliyemdhulumu kwa sababu alijifunza vizuri yale niliyomfundisha.

Mwenyezi Mungu amenipa umri na afya, na wajukuu wanaonisomea barua macho yangu yakichoka. Kwa hayo namshukuru kila siku. Lakini kuna jambo hili moja ambalo nimelimwambia Yeye mara nyingi katika sijda na watu mara chache mno. Nitalisema lilivyokuwa.

Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa kila Ijumaa asubuhi kwenye ubao nje ya bwalo la chakula. Hatukuwa na mashine wala kamera. Tulikuwa na kalamu za wino mzito, rula moja ndefu, na chumba kidogo nyuma ya maabara kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Nilianzisha gazeti hilo mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa tayari nimefundisha pale tangu katikati ya sabini, kwa sababu nilichoka kusoma insha za wanafunzi wangu. Wote waliandika juu ya bahari ambayo hawakuwahi kuiona, au juu ya Nairobi.

Siku ya kwanza niliwauliza mwandishi wa habari ni nani. Mvulana mmoja akasema ni mtu wa Nairobi mwenye kamera. Mwingine akasema ni yule anayesoma habari redioni saa saba mchana, na darasa zima likakubaliana naye. Niliwauliza kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kuleta habari. Hakuna aliyenyanyua mkono. Walikuwa watoto wa wafugaji wa Garbatulla, Merti na Kipsing, pamoja na watoto wa wenye maduka na makarani wa mjini, na wote waliamini kwamba habari hutengenezwa mahali pengine, wao kazi yao ni kuzipokea.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha kwanza, kutoka upande wa Merti, akanyanyua mkono. Alikuwa na sauti ya polepole na desturi ya kutazama chini anapofikiri. Alisema yeye hajui kama hiyo ni habari, lakini baba yake ndiye hutumwa na wazee kutangulia kuangalia malisho kabla mifugo haijahamishwa. Nikamwambia atueleze.

Akaeleza. Baba yake huenda na mwenzake mmoja kwa miguu, siku tatu au nne. Akirudi, watu hawamrukii kwa maswali. Anakaribishwa, anakunywa maziwa au chai, anapumzika. Kisha anaulizwa, naye anasema kwa utaratibu: majani yako wapi na yatatosha siku ngapi, maji yana kina gani, nani ametangulia pale na mifugo yake, kuna ugonjwa au hakuna, kuna amani au hakuna. Aliyoyaona anayasema kama aliyoyaona. Aliyoyasikia anasema ameyasikia, na anamtaja aliyemwambia. Akiulizwa juu ya bonde ambalo hakulifikia, anasema hakufika.

"Hata kama anajua?" mvulana mmoja akamwuliza.

"Hata kama anajua," akasema. "Kwa sababu ng'ombe watakufa."

Sikuwahi kusikia somo la uandishi wa habari lililo bora kuliko hilo. Mimi mwenyewe nilisoma Hadithi za Mtume kwa sheikh kwa miaka saba kabla ya kwenda chuo cha ualimu, na katika elimu ile, kabla hujalipokea neno, unawaangalia watu waliolibeba: nani alisikia kwa nani, walikutana kweli au hawakukutana, mkweli ni nani, kumbukumbu yake ni nzima au ni dhaifu. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu kabisa na riwaya yake, yaani neno analolisimulia, ikaachwa kwa sababu hukumbuka vibaya. Niliwaambia kwamba baba wa mwenzao ni mwandishi wa habari, kwamba masheikh wale wa zamani waliosafiri miezi kufuata neno moja walikuwa waandishi wa habari, na kwamba kuanzia siku ile na wao ni waandishi wa habari. Waliketi wima. Bado naona migongo yao ilivyonyooka.

Tukaweka masharti. Kila habari ingemalizika kwa kusema "Nimeona mwenyewe" au "Nimesikia kwa fulani, naye aliona." Kabla ya kubandikwa, mtu inayemhusu lazima aulizwe, na chini ya habari aachiwe mistari mitatu ya neno lake. Na neno lake likishaandikwa, hakuna wa kuizuia habari ile, hata mimi. Hilo la mwisho niliongeza mwenyewe kwa kujipendeza. Nilipenda wanione mtu wa haki.

Gazeti likashika. Wanafunzi walianza kutembea na daftari ndogo mfukoni. Walimuuliza mlinzi wa lango alikuwa nani kabla hajawa mlinzi, wakamuuliza dereva wa lori la maji kwa nini alichelewa siku mbili. Yule msichana wa Merti alikuwa mbele ya wote, na wenzake walimpa jina la Redio. Kwenye foleni ya chakula wavulana walimwita, "Redio, leo mboga ni nini?" Naye bila kucheka akajibu, "Maharagwe. Nimeona mwenyewe." Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata mpishi alicheka, akagonga sufuria kwa mwiko.

Mpishi huyu sina budi kumweleza. Alikuwa Mturkana wa makamo, Mkristo wa kanisa la pale mjini, mtu msafi wa kazi na mwenye maneno machache. Wanafunzi wa Kiislamu na wa Kikristo walikula kutoka sufuria moja, na wazazi wa Kiislamu walikuwa wamekubali jambo hilo kwa sharti kwamba mnyama wa shule achinjwe na Mwislamu anayejulikana. Mwalimu mkuu, mtu wa mbali aliyeheshimu dini za watu, alinikabidhi mimi kazi hiyo. Kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri nilitakiwa kuwa nyuma ya jiko na kisu changu. Wazazi waliambiwa Maalim ndiye anayechinja, wakatulia. Watoto wa kutoka Garbatulla walikula nyama ile bila kuuliza, kwa sababu ya jina langu.

Lakini Alhamisi ndiyo siku tuliyoandika nakala safi ya gazeti kwa ajili ya Ijumaa. Alhamisi moja mpishi alikuja mlangoni akaniambia mbuzi wako tayari. Nilikuwa nimeinama juu ya manila, nikisahihisha kichwa cha habari. Nikamwambia aendelee, nitakuja. Sikwenda. Nilipotoka, nyama ilikuwa imeshaning'inizwa. Nilijiambia kwamba wako wanazuoni wanaoruhusu kichinjo cha Watu wa Kitabu, Wakristo wakiwemo, na jambo hilo ni kweli, wako. Alhamisi iliyofuata nilimwambia tena aendelee. Baadaye hakuja tena kuniita. Nadhani zilikuwa Alhamisi sita, labda saba. Sikumwambia mwalimu mkuu wala mzazi yeyote. Mimi sikuwa nimeulizwa kama mpishi anafaa. Nilikuwa nimeaminiwa kwamba mchinjaji ni mimi.

Muhula ule, Redio akiwa sasa kidato cha tatu, nilitaka habari moja ndefu kuliko zote, ya kumfuata mbuzi kutoka sokoni hadi kwenye sahani. Wazo lilikuwa langu, nami ndiye niliyemkabidhi Redio. Hadi leo nashangaa jinsi nilivyompa kwa furaha. Jambo lile la kumwachia mpishi lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida kwangu kiasi kwamba sikuliona.

Alifanya kazi wiki mbili. Alikwenda soko la mifugo Jumamosi akapata mzee wa Kipsing aliyeiuzia shule mbuzi, akamuuliza mbuzi hao walikunywa maji wapi njiani. Akazungumza na kijana aliyewaswaga hadi shuleni. Akazungumza na mpishi. Kisha Alhamisi moja, karibu saa kumi na moja, wavulana wawili wenzake wakiwa bado wanakata herufi za vichwa pale kando na mlango ukiwa wazi, alinisogezea karatasi yake. Iliandikwa vizuri. Niliisoma nikitabasamu mpaka nilipofika karibu na mwisho. Ilisema kwamba mbuzi wanne walichinjwa Alhamisi iliyopita saa tisa alasiri, na aliyewachinja ni mpishi. "Nimesikia kwa mpishi mwenyewe," aliandika. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu mitupu.

"Nimeacha nafasi ya neno lako, Maalim," akasema.

Nilimwambia mpishi anapenda mzaha. Akasema hakuwa anacheka. Nikamwambia pengine hakuelewa swali. Akasema alimuuliza mara mbili, mara ya pili kwa kumwonyesha kisu. Hakukuwa na ujeuri wowote katika sauti yake. Alikuwa akinitazama kama mtu anayengojea mwalimu amalizie hesabu ubaoni. Wale wavulana wawili walikuwa wameacha kukata.

"Andika kwamba Maalim anasema alichinja yeye," nikamwambia.

Akaandika. Niliona neno langu likijaza mstari wa kwanza. Nikainuka nikaenda kusali Alasiri, nikiwa nimeichelewesha, na katika sala ile sikujua nimesoma sura gani.

Asubuhi ya Ijumaa gazeti lilikuwa ubaoni. Masharti yalikuwa yametimizwa: nimeulizwa, nimejibu, neno langu limeandikwa, basi habari haizuiliki. Lakini chini ya neno langu kulikuwa na mstari mmoja zaidi kwa mwandiko wake. "Alhamisi hiyo saa tisa alasiri Maalim alikuwa chumba cha gazeti. Nimeona mwenyewe."

Mchana ule wanafunzi wa Kiislamu walikula ugali mkavu. Hawakupiga kelele. Walisukuma tu bakuli za mchuzi katikati ya meza, wakala. Wale wa Kikristo walitazamana, na wengine wao nao wakasukuma, kwa adabu. Nilisimama mlangoni mwa bwalo na watoto mia kadhaa hawakuniangalia.

Jumamosi asubuhi mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi, msichana na mpishi. Karatasi ilikuwa mezani. Alisema waziwazi kilichokuwa mbele yetu. Kama jambo hili ni kweli, wazazi wataondoa watoto wao bwenini, na hatajua awaambie nini. Kama si kweli, msichana huyu ataomba msamaha mbele ya shule nzima, au atarudi nyumbani. Alimgeukia mpishi kwanza, akamuuliza nani alichinja. Mpishi akanitazama. Mikono yake ilikuwa nyuma.

"Maalim ndiye anajua," akasema.

Mwalimu mkuu akanigeukia mimi. "Bwana Maalim, huyu anasema saa hiyo ulikuwa naye. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno fupi. Wale wavulana wawili, waliokuwa nasi chumbani Alhamisi ile, walikuwa wanajua, mpishi anajua, Mola wangu anajua, na msichana amesimama pale, wino ukiwa kwenye vidole vyake. Nilifikiri juu ya wazee wa msikiti, juu ya salamu ninazopewa sokoni. Na kilichonijia mdomoni kilitoka katika elimu yangu, katika ile miaka saba. Nilijua jinsi riwaya inavyoangushwa bila kumwita mtu mwongo.

"Ni msichana mwema," nikasema. "Hasemi uongo. Lakini kumbukumbu yake ni dhaifu kidogo. Amechanganya siku."

Mwalimu mkuu akapumua. Niliona amefurahi kwamba hakuna mwongo katika chumba kile. Hakuwaita wale wavulana wawili, nami sikuwataja. Msichana hakulia wala hakubisha. Aliinua macho akanitazama mara moja, na mimi nikatazama dirishani.

Msamaha wenyewe niliandika mimi, kwa kuombwa na mwalimu mkuu. Ulikuwa maneno machache: Mimi nilichanganya siku. Naomba msamaha kwa Maalim na kwa shule. Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, alipanda jukwaani na kipande kile cha karatasi, akakishika mbele yake kama anayesoma, akasema kwa sauti yake ile ya polepole:

"Nimesikia kwa Maalim kwamba nilichanganya siku. Naomba msamaha kwa shule."

Mwalimu mkuu alisikia msamaha, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na matangazo. Kidato cha tatu kilisikia jambo jingine. Mimi pia nilisikia. Alikuwa ametaja aliyemwambia, kama nilivyowafundisha, wala hakuweka jina lake kwenye kitu ambacho hakukiona.

Lakini shule ni kubwa, na wengi walisikia kama mwalimu mkuu alivyosikia. Kwenye foleni ya chakula wavulana wa vidato vya chini walianza. "Redio, leo ni Jumatano ama Alhamisi?" "Redio, ngoja nikuitie Maalim akuhesabie." Ilikuwa mzaha wa watoto. Nilikuwa napita pale kila siku ya kuchinja, kwa sababu tangu wiki ile sikukosa hata mara moja, na mzaha ule niliusikia mara nyingi. Neno moja langu lingeunyamazisha. Aliacha kuja chumba cha gazeti. Wale wavulana wawili nao wakaacha. Gazeti likaendelea wiki kadhaa kwa habari za mpira, kisha likafa.

Muhula ulipofungwa baba yake alikuja kumchukua. Alikuwa amepanda lori kutoka Merti, ana vumbi hadi nyusi. Alikataa kukaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu mpaka nilipokaa mimi. Nilimwagiza chai. Alikunywa yote bila kusema jambo, nami nikakumbuka alichotueleza binti yake, kwamba mtu hunywa kwanza ndipo huulizwa. Safari hii mwenye kuuliza alikuwa yeye.

"Sheikh," akasema, "nimeambiwa mtoto wangu alileta habari ambayo si kweli. Nimemuuliza, anasema ameona. Mimi namjua huyu. Lakini wewe ni mtu wa kitabu. Kati ya mtoto na mtu wa kitabu, mimi nishike nani?"

Mungu ni mwingi wa rehema. Alinipa mlango wa pili, tena ulio wazi kuliko wa kwanza. Hapakuwa na mwalimu mkuu, hapakuwa na wanafunzi. Alikuwapo mzee mmoja tu ambaye angeniamini lolote nitakalosema. Na kwa sababu angeniamini, nikashindwa.

"Mtoto hukosea," nikamwambia. "Si dhambi."

Aliinamisha kichwa kukubali. "Basi amekosea," akasema. Akakaa kidogo, kisha akaniambia, si kwa hasira, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya nyumba: "Kwetu mtu akikosea habari ya malisho hatumfukuzi. Tunakula naye, tunamheshimu. Ila hatumtumi tena."

Muhula uliofuata kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu. Walisema baba yake ameamua binti abaki nyumbani.

Nilikaa na jambo lile miaka miwili na zaidi. Kila Ramadhani niliazimia, na kila Idi nikaahirisha. Nilizidisha sala za usiku na funga za Jumatatu na Alhamisi. Nilitoa sadaka kwa nia yake. Niliwasomesha wanafunzi wengine juu ya ushahidi, na ubaya wa kuuficha, nikiwa nimesimama wima mbele yao. Sijui jinsi kuta zile zilivyonivumilia.

Aliyenitoa pale alikuwa mpishi. Alikuwa anaacha kazi kurudi kwao, akaja kuniaga nyumbani. Nilimshukuru kwa miaka ya kuhudumia watoto. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuondoka.

"Mwalimu, mambo ya dini yenu mimi sijui," akasema. "Lakini yule msichana alisema kweli. Mimi nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza. Nilidhani utasema kesho yake."

Nikamwambia ni kweli. Akauliza, "Basi?" Halafu akavaa kofia yake akaenda.

Wiki ile ile nilipanda lori la Merti. Lilituchukua siku nzima, na sehemu za mchanga tulishuka wote tukasukuma. Nilimkuta baba yake nyumbani, akanipokea kama mgeni wa heshima, akataka kuchinja kwa ajili yangu. Nilimwomba asichinje kitu kabla hajanisikia. Nikamwambia yote, Alhamisi sita au saba, ofisi, jukwaa, na chai ile ya ofisi ya walimu. Alisikiliza akitazama fimbo yake. Nilipomaliza nilimwomba anisamehe.

"Unaniomba mimi kwa nini?" akasema. "Si mimi niliyebeba hiyo habari."

Akamtuma mtu amwite binti yake. Alikuwa anafundisha ngumbaru, akina mama waliotaka kujua kusoma barua za watoto wao walio mbali. Alikuja akiwa na chaki kwenye mkono wa nguo yake. Alinisalimu, "Assalamu alaykum, Maalim," kwa upole uleule wa zamani, na mimi nikaanza kuomba msamaha kwa maneno niliyoyaandaa njia nzima, yenye Kiarabu ndani yake. Akaninyanyulia mkono kidogo.

"Ngoja kwanza," akasema. Akatoa daftari, akafungua ukurasa mweupe, akaketi chini kando ya baba yake. "Ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha gazeti. Pamoja na wewe na wale wawili."

"Nani alichinja?"

"Si mimi. Nilimwachia mpishi."

Aliandika kila neno bila haraka. Aliniuliza kama hayo nimeyasikia au nimeyaona. Nikamwambia nimeyaona mwenyewe. Kisha akamsomea baba yake kwa Kiborana, kwa sababu mzee hakujua kusoma. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akamwambia arudie siku. Akarudia. Nilimwona mzee yule akigeuka kumtazama binti yake, na kwa muda wote huo hakunitazama mimi, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha binti yake, akauacha pale.

Baadaye mzee akaniuliza, "Sasa hiyo karatasi itabandikwa wapi?"

Darasa la binti yake lilikuwa limemaliza shule na kutawanyika. Mwalimu mkuu yule alikuwa amehamishwa. Ubao wa nje ya bwalo ulikuwa umeng'olewa. Msichana alisema Maalim atatafuta mahali. Akaniandikia nakala, akakata ukurasa, akanipa. Nilimuuliza kama atarudi shule, nikasema nitamwombea nafasi mimi mwenyewe. Akasema wanafunzi wake wanamngoja, akaenda. Kama amenisamehe, hakuniambia, wala sikuwa na uso wa kuomba mara ya pili.

Niliporudi Isiolo niliwaambia wazee wa msikiti, nikaacha kuchinja na baada ya mwaka nikaacha shule. Nilimpelekea mwalimu mkuu mpya ile karatasi. Akaisoma, akaniambia ni mambo ya zamani, tusiwachanganye watoto. Nikaitikia upesi mno. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu, na imekaa humo hadi imekuwa rangi ya chai. Wajukuu wangu wameniuliza ni nini. Nimeitoa leo asubuhi, na kwa kuwa ubao ule haupo tena, naibandika hapa kama alivyoiandika:

Alhamisi, saa tisa alasiri, Maalim alikuwa chumba cha gazeti. Mbuzi hakuwachinja yeye, alimwachia mpishi. Siku hazikuchanganywa. Nimesikia kwa Maalim mwenyewe, naye aliona.

Chini yake ameacha mistari mitatu. Bado ni mitupu.